Kutoka London hadi Nairobi: Historia ya Njia ya Anga na Muda wa Safari

Masafa na muda

Masafa ya anga kati ya London na Nairobi ni kilomita zipatazo 6,800, yakipimwa kwa kufuata duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kuunganisha sehemu mbili. Mstari huo huvuka Ufaransa na milima ya Alps, hupita Italia na Bahari ya Mediterania, huingia Afrika kupitia mashariki mwa Libya, kisha hushuka juu ya jangwa la Sahara, Sudan na Sudan Kusini hadi kufika nyanda za juu za Kenya. Ndege ya abiria ya siku hizi, inayokwenda kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa, humaliza mwendo huo kwa muda wa saa 8 na nusu au zaidi kidogo, kutegemea njia iliyoruhusiwa siku hiyo. Kwa kuwa safari hii huelekea zaidi kusini kuliko mashariki, pepo kali za anga la juu zivumazo kutoka magharibi, ambazo huirefusha au kuifupisha sana safari kati ya London na New York, haziiathiri kwa kiasi hicho, na tofauti ya majira kati ya miji hii miwili ni saa 3 tu wakati wa baridi ya Ulaya na saa 2 wakati wa kiangazi chake.

Masafa hayo yamebaki yale yale tangu Nairobi ianzishwe kama kambi ya reli mwaka 1899, lakini muda wa kuyavuka umeshuka kutoka takriban wiki tatu na kuwa usiku mmoja. Ni rahisi kudhani kwamba badiliko hilo lote ni zao la kasi ya ndege. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya muda uliookolewa ilipatikana ardhini, kwa kuondoa vituo vya kulala, vya kula na vya kujaza mafuta, na kila kituo kilichoondolewa kilikuwa mji wenye watu wake, ambao nao waliachwa nje ya njia. Kwa hiyo historia ya safari ya London na Nairobi inapaswa kusimuliwa pamoja na historia ya Khartoum, Malakal, Juba, Port Bell, Kisumu, Mwanza na Lindi, kwa sababu bila miji hiyo njia isingekuwapo.

Bahari, reli na majaribio ya kwanza

Kabla ya ndege, msafiri aliyetoka Uingereza kwenda nyanda za juu za Kenya alipanda meli, akapita Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, akashuka Bahari ya Shamu hadi Aden, akaizunguka Pembe ya Afrika na kuteremkia Mombasa baada ya wiki tatu hivi. Mombasa alipanda gari moshi la Reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896 na kufika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Barua nazo zilifuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo mtu aliyeandika swali kutoka Nairobi alipaswa kungoja karibu miezi miwili kabla ya kusoma jibu lake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Uingereza ilibaki na marubani wengi na ndege nyingi za kivita zisizo na kazi, na Wizara yake ya Anga ikatuma makundi matatu ya wapimaji kuandaa viwanja vya kutulia kati ya Cairo na Cape Town. Kazi yao ilikuwa kufyeka msitu, kung'oa visiki na kubomoa vichuguu, ambavyo katika sehemu za miombo vilikuwa vikubwa na vigumu kiasi cha kuhitaji vibarua wengi kwa miezi kadhaa. Viwanja vilipokuwa tayari, ndege kadhaa ziliondoka Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1920 zikishindana kuwa ya kwanza kufika ncha ya kusini ya bara.

Moja ya ndege hizo, Vickers Vimy iliyogharimiwa na gazeti la The Times na kumbeba mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell, ilianguka Tabora mwezi Februari 1920 na safari yake ikaishia hapo, ingawa waliokuwamo walinusurika. Maofisa wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Brooklands karibu na London tarehe 4 Februari kwa Vimy waliyoiita Silver Queen, wakaivunja Korosko nchini Misri, wakapewa nyingine, wakapita Kisumu na Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wakaivunja ile ya pili Bulawayo, kisha wakamalizia kwa ndege ya tatu na kutua Cape Town tarehe 20 Machi. Safari yao ilichukua siku 45, lakini saa walizokuwa hewani hazikuzidi 110. Kwa maneno mengine, sehemu moja tu kati ya kumi ya muda wao ilitumika kuruka, na zile tisa zilizobaki zilikwenda katika matengenezo, kungoja na kutafuta ndege nyingine. Uwiano huo ndio uliowafunza wapangaji wa njia kwamba tatizo lao kubwa lilikuwa kile kilichotokea baada ya ndege kutua.

Njia ya Imperial Airways

Kampuni ya Imperial Airways iliundwa mwaka 1924 kwa kuunganisha kampuni ndogo za Uingereza, ikapewa ruzuku ya serikali ili iunganishe London na makoloni. Rubani Alan Cobham aliikagua njia ya Afrika kwa niaba yake kati ya Novemba 1925 na Machi 1926, akisafiri hadi Cape Town na kurudi. Nairobi nayo haikungoja: mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black, alianzisha Wilson Airways, kampuni ya ndege ndogo zilizobeba abiria na barua ndani ya Afrika Mashariki, na uwanja wake ndio ambao tangu mwaka 1962 unaitwa Wilson.

Tarehe 28 Februari 1931 safari ya kwanza ya kila wiki ya Imperial Airways kuelekea Afrika Mashariki iliondoka uwanja wa Croydon, kusini mwa London, na kituo chake cha mwisho kilikuwa Mwanza, mwendo wa takriban siku 10. Shehena iliyothaminiwa zaidi ilikuwa barua, kwa sababu ruzuku ya serikali na ada za posta ndizo zilizoiwezesha njia hiyo kuishi, na abiria walikuwa wachache. Mwaka uliofuata njia ilisogezwa hadi Cape Town, barua zikitangulia mwezi Januari na abiria wakifuata mwezi Aprili. Njia hiyo mpya iliifuata Nile kupitia Luxor, Aswan, Wadi Halfa, Khartoum, Kosti, Malakal na Juba, ikagusa Port Bell na Kisumu, ikapanda Nairobi, ikashuka Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha ikaingia Rhodesia ya Kaskazini. Safari nzima ya London hadi Cape Town iliwekewa ratiba ya siku 11, na Nairobi ikawa zaidi ya katikati ya njia.

Wingi huo wa vituo ulitokana na mafuta. Ndege kubwa za Handley Page H.P.42 zilizofanya kazi sehemu ya Misri na Sudan zilikuwa na injini nne na mabawa ya ghorofa mbili, zilikwenda kwa kasi ya kilomita 160 hivi kwa saa, na hazikuweza kuruka zaidi ya kilomita 800 bila kujaza mafuta. Kwa kasi hiyo, mwendo wa London hadi Nairobi, ukihesabiwa pamoja na mizunguko yake yote, ungehitaji saa zisizozidi 60 za kuwa hewani, lakini abiria alitumia zaidi ya wiki moja. Ndege hazikuruka usiku, kwa kuwa viwanja vingi havikuwa na taa wala mitambo ya kuiongoza ndege gizani. Abiria waliamshwa kabla ya alfajiri ili ndege iondoke hewa ikiwa bado imetulia, kwa sababu ifikapo adhuhuri joto la jangwa lilisukuma hewa juu kwa nguvu na kuirusharusha ndege hadi watu wakatapika. Mchana ulipopamba moto walitua, wakala, wakapumzika, na jioni wakalala katika hoteli ya Khartoum au katika nyumba ya wageni iliyojengwa Juba kwa ajili yao.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakikuhusu mashine. Uingereza na Italia hazikuelewana juu ya ndege za Imperial Airways kuruka katika anga la Italia, na kwa miaka kadhaa abiria wa Afrika walipelekwa Paris kwa ndege, wakashushwa, wakapanda gari moshi hadi bandari ya Brindisi kusini mwa Italia, ndipo wakapanda ndege tena kuvuka Mediterania. Njia iliyotangazwa kuwa ya anga ilikuwa, kwa sehemu yake ya Ulaya, njia ya reli.

Ndege-mashua na maziwa ya Afrika

Kufikia katikati ya miaka ya 1930, Serikali ya Uingereza iliamua kwamba barua zote za daraja la kwanza kwenda makoloni zibebwe kwa ndege bila ada ya ziada, na mpango huo ulipoanza katika njia ya Afrika mwezi Juni 1937 ulihitaji ndege kubwa kuliko zilizokuwapo. Jibu lilikuwa ndege-mashua za Short za aina ya Empire, yaani ndege ambazo tumbo lake lilitengenezwa kama mashua ili ziruke na kutua juu ya maji. Sababu ya kuchagua maji ilikuwa ya kiuchumi kwanza: viwanja vya majani vya Afrika viligeuka matope wakati wa masika na visingeweza kuhimili uzito mkubwa, ilhali bandari, mito na maziwa yalikuwapo tayari, marefu na tambarare, bila gharama ya ujenzi. Kilichohitajika ni boya la kufungia ndege, mashua ya mafuta, na boti ya kutangulia mbele kuondoa magogo, mitumbwi na viboko kabla ya ndege kugusa maji.

Njia mpya ilianzia Southampton, ikapita Marseille, Roma, Athens na Alexandria, ikafuata Nile hadi Port Bell na Kisumu, halafu, badala ya kupanda Nairobi na kushuka Dodoma, ikageukia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Mozambique na Beira hadi Durban. Ndege hizo zilikwenda kwa kasi ya kilomita 260 hivi kwa saa, na kutoka Southampton hadi Durban zilichukua chini ya wiki. Kwa Lindi, bandari ndogo ya kusini mwa Tanganyika, huo ulikuwa wakati wa pekee, kwa maana barua iliyotiwa posta pale ilisafiri kwa njia ile ile na ndege ile ile iliyobeba barua za Cairo na Athens. Nairobi, kwa upande wake, ilipata hasara isiyotarajiwa: haikuwa na ziwa wala bandari, na abiria wake walilazimika kushukia Kisumu na kumalizia safari kwa reli au kwa ndege ndogo.

Udhaifu wa mfumo huo ulidhihirika mwezi Machi 1939. Ndege-mashua iliyoitwa Corsair, ikitoka Durban kwenda Southampton chini ya rubani Edward Alcock, iliondoka Port Bell kuelekea Juba, lakini kifaa cha redio cha kuonyesha mwelekeo kiliwapa wahudumu wake dira isiyo sahihi, na badala ya kuufikia mji wa Nile wakajikuta magharibi, juu ya misitu ya Kongo ya Wabelgiji, mafuta yakikaribia kuisha. Alcock aliona ukanda mwembamba wa maji, mto Dungu karibu na Faradje, akatua juu yake. Ndege iligonga mwamba uliofichika chini ya maji, tumbo likapasuka, naye akaisukuma kwenye matope ya ukingoni kabla haijazama, na hakuna aliyekufa. Mafundi waliletwa kutoka Uingereza, wakafanya kazi pamoja na vibarua wa Faradje wakikata miti, wakijenga njia na kuzibua matope, na jaribio la kwanza la kuruka liliharibika baada ya ndege kugonga mwamba tena. Ilibidi mto uzuiwe kwa bwawa ili kina chake kiongezeke, na tarehe 6 Januari 1940, miezi karibu kumi baada ya kupotea, Corsair iliondoka. Gharama na jasho lililotumika kuokoa ndege moja huonyesha jinsi njia nzima ilivyotegemea watu wa ardhini ambao majina yao hayakuandikwa katika ratiba yoyote.

Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, Mediterania ikafungwa, na kampuni ya serikali ya BOAC, iliyokuwa imechukua mahali pa Imperial Airways, ikapanga njia mpya kutoka Durban kupitia Lindi, Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Khartoum na Cairo, kisha Basra, Karachi na Singapore hadi Sydney. Kwa umbo lake ramani hiyo ilifanana na kiatu cha farasi, na Afrika Mashariki ikawa upande wake mmoja. London yenyewe haikuwa tena mwanzo wa njia, kwani barua zake zilipelekwa kwa meli hadi Durban ndipo zikapandishwa ndege. Baada ya vita ndege-mashua zilirudi kwa muda, zikitumia Port Bell na hata Ziwa Naivasha, lakini mwezi Novemba 1950 BOAC ilizistaafisha. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali, na sababu ya kutua majini ilikuwa imekwisha.

Jeti na uchovu wa metali

Hatua iliyofuata inaweza kupimwa kwa safari moja inayofahamika vizuri. Binti Mfalme Elizabeth aliondoka London tarehe 31 Januari 1952 kwa ndege ya BOAC ya aina ya Argonaut, yenye injini nne za rafadha, na kutua Nairobi siku iliyofuata. Tarehe 6 Februari baba yake alifariki naye akiwa karibu na Nyeri, na jioni ya tarehe 7 alikuwa amekwisha kufika London akiwa malkia, baada ya kuruka usiku kutoka Entebbe. Siku 8 au 10 za miaka 20 iliyotangulia zilikuwa zimekuwa chini ya siku moja, kwa sababu ndege hizo ziliruka usiku na mchana na zilikuwa na vyumba vilivyojazwa hewa kwa kanieneo, yaani hewa ilishindiliwa ndani ili abiria wapumue kama kawaida huku ndege ikipita juu ya mawingu na misukosuko.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya de Havilland Comet ya BOAC yenye usajili G-ALYP iliondoka London ikiwa na abiria 36, na huo ukawa mwanzo wa usafiri wa abiria wa kulipia kwa ndege ya jeti duniani. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kufika Johannesburg baada ya saa 23 na dakika zipatazo 40. Jeti ya kwanza ya abiria duniani ilitua hivyo kando ya Ziwa Viktoria kabla haijafika New York. Kasi yake ilikuwa zaidi ya kilomita 700 kwa saa, lakini injini zake zilikunywa mafuta kwa pupa, na kwa hiyo vituo vitano vilibaki.

Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile, G-ALYP, ilipasukia hewani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine, iliyokuwa ikitoka Roma kwenda Cairo katika njia ya Johannesburg, ilianguka baharini kusini mwa Naples ikiua watu 21. Comet zote zikazuiwa kuruka, na wataalamu wa ndege wa Farnborough nchini Uingereza wakaitumbukiza moja ndani ya tangi la maji, wakaongeza na kupunguza kanieneo ndani yake mara kwa mara, kama inavyotokea kila ndege inapopanda na kushuka. Baada ya mizunguko 3,057, ikihesabiwa na ile ya safari zake za awali, ukuta ulipasuka kwenye kona ya dirisha. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali: bati linalokunjwa na kukunjuliwa kidogo kidogo hupata ufa usioonekana, ambao hukua hadi siku linapoachia ghafla. Kila kituo njiani kilimaanisha kupanda na kushuka kwingine, na hivyo vituo vilikuwa pia sehemu ya mzigo ulioichosha ndege.

Embakasi na shirika la Afrika Mashariki

Nairobi haikuweza kuzipokea jeti kubwa bila uwanja mpya. Mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na katika hewa nyepesi mabawa hupata mwinuko mdogo na injini hupata nguvu ndogo, kiasi kwamba ndege iliyobeba mafuta mengi huhitaji barabara ndefu ya kurukia. Uwanja wa Embakasi ulijengwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na kazi yake kubwa ilifanywa na wafungwa na mahabusu wa Mau Mau, waliochimba na kusawazisha ardhi kwa majembe na sururu chini ya ulinzi wa askari, kabla ya Gavana Evelyn Baring kuufungua mwezi Machi 1958. Lango ambalo kwalo Kenya ilifikiwa kwa urahisi zaidi kutoka London lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya watu waliofungwa kwa kuupinga utawala wa London.

Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilianza na ndege ndogo za ndani, likafika London kwa Argonaut mwaka 1957, likapata Comet 4, toleo lililotengenezwa upya baada ya ajali, mwaka 1960, na mwaka 1966 likaanza kutumia Vickers Super VC10. Ndege hiyo ya mwisho iliundwa mahususi kwa viwanja vya joto na vya mwinuko kama Embakasi, injini zake nne zikiwekwa mkiani ili mabawa yabaki huru kuzalisha mwinuko. Usajili wake uligawanywa baina ya nchi tatu, nyingine zikiwa na herufi za Uganda, nyingine za Kenya na nyingine za Tanzania, kama ilivyostahili shirika la ushirika.

Hata hivyo VC10 nazo ziliendelea kutua njiani. Tarehe 18 Aprili 1972 mojawapo, ikiwa katika safari ya Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma, ilikuwa ikikimbia kuondoka Addis Ababa wakati gurudumu la mbele lilipokanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichoanguka kutoka ndege ndogo. Tairi lilipasuka, marubani wakajaribu kusimama, ndege ikapita mwisho wa barabara na kuwaka moto, na watu 43 wakafa. Katika safari ndefu, kuondoka na kutua ndizo nyakati za hatari kubwa zaidi, na hiyo ni sababu nyingine, mbali na muda, iliyoyafanya mashirika kutamani safari isiyo na kituo.

East African Airways ilivunjika mwanzoni mwa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki iliposambaratika, na Kenya Airways na Air Tanzania zikaanzishwa katika nafasi yake, wakati Uganda tayari ilikuwa imeunda shirika lake. Katika miongo iliyofuata, ndege zenye mabawa makubwa na injini zilizopunguza sana ulaji wa mafuta, kama vile Boeing 747, ziliunganisha London na Nairobi bila kutua popote. Ikumbukwe kwamba ndege hizo hazikuwa na kasi kubwa kuliko VC10. Muda uliopungua ulikuwa ule wa kushuka, kujaza mafuta na kupanda tena. Mwezi Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa Boeing 787, safari ya saa 15 hivi isiyotua Ulaya kabisa.

Anga la leo na miji iliyoachwa

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, unatamka kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kwa hiyo mstari mfupi wa duara kuu hufaa tu pale nchi zilizo chini yake zinaporuhusu na zinapokuwa na amani. Mwaka 1963 mataifa kadhaa ya Afrika yalilifungia anga shirika la ndege la Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na ndege zake za kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka bara kwa upande wa magharibi. Katika njia ya Nairobi, machafuko ya Libya tangu mwaka 2011 yaliwafanya wapangaji wa safari kuwa waangalifu, na vita vilivyolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 viliifunga Sudan kwa ndege za abiria, kiasi kwamba safari zililazimika kuizunguka nchi hiyo kubwa na kuongeza muda na mafuta. Mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa kituo kikubwa cha wasafiri wa anga kati ya London na Afrika Mashariki ukawa sehemu ya anga isiyopitika.

Vituo vingine vilitoweka kimya kimya zaidi. Mwanza, iliyokuwa mwisho wa njia ya kwanza ya mwaka 1931, hufikiwa kutoka Ulaya kwa kupitia viwanja vikubwa vya miji mingine. Port Bell ni gati la ziwani. Na mkazi wa Lindi anayekwenda London huanza kwa kusafiri kilomita zipatazo 450 kwa barabara hadi Dar es Salaam, umbali ambao ndege-mashua ya mwaka 1937 iliukata kwa muda usiozidi saa 2. Kwa msafiri wa Nairobi, London imesogea kutoka wiki tatu hadi usiku mmoja. Kwa msafiri wa Lindi imesogea pia, lakini si kwa kiwango hicho, na tena kwa njia inayomlazimu kupita kwanza katika mji mwingine.

Maendeleo ya usafiri wa anga, kwa hiyo, hayakupunguza masafa kwa wote kwa usawa. Yaliyakusanya manufaa yake katika miji michache yenye barabara ndefu za kurukia, mafuta ya kutosha na abiria wa kujaza viti, na kadiri ndege zilivyoweza kuruka mbali zaidi ndivyo idadi ya miji hiyo ilivyopungua. Nairobi ilibaki katika orodha kwa sababu serikali zilizopishana, ya kikoloni na ya Jamhuri, ziliwekeza Embakasi, ambayo tangu mwaka 1978 ina jina la Jomo Kenyatta. Kama fedha hizo zingewekwa Kisumu, Entebbe au Dar es Salaam, historia ya safari ya saa 8 na nusu ingekuwa inasimuliwa kwa jina la mji mwingine.